Luigi Broglio: Mhandisi Aliyeipima Hewa ya Juu Kutoka Ngomeni

Wengi wetu tunaosafiri kila siku kutoka Kikuyu, Uthiru na Kangemi kwa barabara ya Waiyaki hadi katikati ya jiji la Nairobi tumezoea kudhani kuwa sayansi ya anga za juu ni elimu ya ng'ambo. Historia yaikanusha dhana hiyo. Makala haya yanasimulia maisha ya Luigi Broglio, Mwitaliano aliyeifanya bahari ya Kenya kuwa lango la angani, na yanauliza ni sehemu gani ya urithi wake iliyo yetu.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, jirani na Venice. Alisomea uhandisi mjini Roma, akatumikia Jeshi la Anga la Italia, na mwaka 1952 akarithi uongozi wa shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma kutoka kwa Gaetano Arturo Crocco. Alikuwa mwanajeshi na mwalimu kwa wakati mmoja. Mwaka 1961 aliishawishi serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani kuukubali mradi aliouita San Marco, jina la mtakatifu mlinzi wa Venice.

Shabaha ya mradi huo ilikuwa kuipima hewa nyembamba iliyo mamia ya kilomita juu ya ardhi. Hewa hiyo ni haba mno, lakini ndiyo huipunguza kasi setilaiti hadi ikaanguka. Broglio alibuni mizani ya ajabu: setilaiti yenye ganda jepesi la nje na kiini kizito ndani, vikiunganishwa kwa viungo vinyumbufu. Hewa ilipolisukuma ganda, ganda lilisogea kidogo kuelekea kiini. Kutokana na msogeo huo, uzito wa hewa ukajulikana.

Setilaiti ya kwanza ilirushwa na Waitaliano kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Hata hivyo, Broglio aliitamani ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi na kuipa roketi msukumo wa ziada, na ambako bahari iliyo mashariki hupokea mabaki bila kumdhuru mtu. Ndipo majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, yakasimikwa katika Ghuba ya Ungwana, mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka humo. Haikutimiza miezi sita: hewa ileile iliyotumwa kuipima iliiangusha mwezi Oktoba.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Mashuhuri zaidi ilikuwa ya Marekani, iliyorushwa na kikosi cha Broglio tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina Uhuru. Hivyo neno la Kiswahili likaingia katika istilahi za wanaanga wa dunia nzima.

San Marco ya tano, iliyorushwa tarehe 25 Machi 1988, ndiyo iliyofunga ukurasa. Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, na baadaye kituo kikapewa jina lake.

Tumhukumu vipi? Ustadi wake hauna shaka. Lakini roketi zilikuwa za Marekani, wahandisi walikuwa wa Italia, nasi tulitoa bahari, ardhi na jina. Suala la manufaa ya Kenya limezua mijadala ya miaka mingi, na mkataba mpya ulitiwa saini mwaka 2016. Mizani ilianza kuinama upande wetu tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoundwa kwa ushirikiano na chuo alichofundisha Broglio, ilipoachiliwa angani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni bayana. Lugha yetu ilifika angani kama jina tu. Kazi iliyobaki ni kuifikisha huko kama lugha ya maarifa, na kazi hiyo haiwezi kutendwa na mgeni.