Mary Leakey na Meno ya Kale

Ndugu msomaji, wewe uliye Tukuyu unajua jinsi mvua inavyokula kingo za mito. Udongo huporomoka, na vitu vilivyofunikwa zamani huonekana. Huko Olduvai, mkoani Arusha, mvua hufanya kazi hiyo hiyo katika makorongo. Humo ndimo Mary Leakey alimotafuta mifupa na meno yaliyogeuka mawe. Vitu hivyo huitwa visukuku.

Mary alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1913. Alifukuzwa shule mbili, wala hakufaulu mtihani hata mmoja. Lakini alijua kuchora zana za mawe za watu wa kale. Anayechora kitu hana budi kukitazama sana. Kutazama huko ndiko kulikokuwa shule yake.

Mwaka 1935 alifika Olduvai pamoja na Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya. Mwaka uliofuata walioana. Katika safari ile ya 1935 walipita pia Laetoli, kusini mwa Olduvai. Jino moja lililookotwa huko lilipelekwa London, likaandikwa kuwa ni la nyani. Baada ya miaka zaidi ya 40, mtaalamu alilitazama upya. Kumbe lilikuwa la kiumbe wa jamii ya binadamu!

Kwa nini watafute meno? Gamba la jino ni gumu kuliko kitu chochote mwilini. Mfupa huoza, jino hubaki. Tena jino hueleza mwenyewe alikula nini. Gego la ng'ombe lina mikunjo ya kusagia majani. La simba lina makali ya kukata nyama. Nyani dume ana chonge ndefu. Mtu ana chonge fupi, na magego yake yana vinundu vya mviringo.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa mgonjwa kambini. Mary alitoka na mbwa wake wawili. Akaona mfupa umejitokeza mtelemkoni. Alipopangusa udongo aliona meno mawili makubwa, yangali katika taya la juu. Alirudi upesi kumwita mumewe.

Hawakuyang'oa. Walingoja mpiga picha afike, kisha wakachimba polepole na kuchekecha udongo. Walipata vipande mia kadhaa, vikaunganishwa kuwa fuvu. Magego yalikuwa makubwa kuliko yetu, lakini meno ya mbele na chonge vilikuwa vidogo. Basi hakuwa nyani. Louis alimwita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Zinj ni jina la kale la Afrika Mashariki.

Mwaka 1961 wataalamu walitangaza umri wake: miaka 1,750,000. Waliupima kwa majivu ya volkano yaliyokuwa mahali hapo. Leo wataalamu husema Zinj si babu yetu, bali ni ndugu wa ukoo wa pembeni. Fuvu lake lililetwa Dar es Salaam mwaka 1965, katika Makumbusho ya Taifa.

Mwaka 1978 Mary na wenzake walipata Laetoli nyayo za miaka zaidi ya 3,600,000. Vyuo vikuu vilimpa shahada za heshima. Alifariki Nairobi mwaka 1996.

Mwaka huo huo, kipande cha taya chenye meno ya jamii ya Zinj kilipatikana Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Hapo si mbali nawe.

Basi ukiona kando ya mto jino zito kama jiwe, usiling'oe. Weka alama, kisha toa habari kwa serikali ya kijiji. Umri wa jino hujulikana kwa udongo lilimolala. Likiondolewa ovyo, habari zake hupotea.

MASWALI
1. Kwa nini meno hudumu kuliko mifupa?
2. Mary alijuaje kutazama vitu kwa makini?
3. Tazama meno ya mbuzi na ya mbwa. Yanatofautianaje?