Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo aliyetupatia ngonjera

Kwetu Mgeta sikukuu ya parokia haijakamilika mpaka watoto wa Utoto Mtakatifu waghani ngonjera. Misa imekwisha, ukungu umeanza kurudi juu ya mashamba ya kabichi, mgeni rasmi amekaa chini ya turubai, na watoto wanasimama safu mbili wakitazamana. Safu moja inapinga, ya pili inafundisha. Nilipokuwa darasa la tano nilipangwa upande wa kupinga. Nilikuwa kijana mvivu asiyetaka kwenda mafundisho ya Kipaimara, na kufika ubeti wa sita nikawa nimeshatubu. Watu walipiga vigelegele. Mimi niliona aibu, kwa sababu mwenzangu alikuwa na beti nne za kunionya na mimi nilipewa mbili tu, moja ya ukaidi na moja ya kuomba msamaha.

Sikujua wakati ule kwamba ngonjera ina mwenyewe. Niliidhania kitu cha siku zote, kama ngoma au kigelegele. Jina la Mathias Mnyampala nimelizoea baadaye, na nilipogundua kwamba alikuwa Mkatoliki, tena aliyeimba Injili nzima kwa utenzi, nilishangaa kwamba sikuwahi kumsikia akitajwa kanisani hata mara moja. Shuleni hutajwa kama mshairi wa siasa ya Ujamaa. Hiyo ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1917 upande wa Ihumwa, mashariki mwa mji wa Dodoma. Ukitoka Morogoro kwa basi unapapita kabla hujaingia mjini. Ulikuwa mwaka mbaya kuzaliwa Ugogo. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakatika. Njaa iliyofuata Wagogo waliipa jina la Mtunya, na wazee walihesabu miaka kwa kuanzia hapo. Mtoto huyo alipona, akapata elimu yake kwa wamisionari Wakatoliki, akabatizwa Mathias.

Maisha yake ya kazi yalikuwa ya mtumishi wa serikali. Alifundisha, akawa karani, akapanda hadi kuwa liwali katika utawala wa Waingereza, na baada ya uhuru akawa hakimu. Naomba msomaji aikumbuke kazi hii ya baraza na mahakama, nitairudia. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, alichokiandika kwa Kiswahili na sio kwa Kigogo. Wanahistoria wanakitumia mpaka leo, na kimeshafasiriwa kwa Kiingereza.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye ushairi, na hapo ndipo ujasiri wake unapoonekana. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa mali ya pwani. Vina na mizani vilirithiwa katika miji ya Waislamu, msamiati wake umejaa Kiarabu, na washairi wengi waliosifika walikuwa masheikh au wanafunzi wa masheikh. Mnyampala alitoka bara, lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo, na alikuwa Mkristo. Hakusimama pembeni akilalamika kwamba nyumba si yake. Alijifunza kanuni, akaingia. Miaka ile gazeti la Mambo Leo lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na washairi wa nchi nzima walilumbana humo: mmoja anatupa fumbo au hoja, mwingine wa mji wa mbali anamjibu kwa vina vilevile, wa tatu anawaamua. Yalichapwa, ndiyo, lakini hayakuandikwa yasomwe kimyakimya. Shairi la Kiswahili lisipoghaniwa linakuwa kama zaburi iliyokosa mwimbaji. Asiyejua kusoma alimsikiliza anayejua, barazani au chini ya mti, na akachagua upande.

Mnyampala alikuja kuwa mmoja wa nguzo za UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama kilichowakusanya washairi wa dini zote. Alimheshimu sana Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwalimu wa Jumuiya ya Ahmadiyya ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954 kilikuwa kama sarufi ya kila mshairi. Sheikh huyo alikuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, na alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka arobaini. Aliyeketi chini kuandika historia ya maisha yake alikuwa Mnyampala. Mkatoliki wa Dodoma anaandika maisha ya sheikh kwa upendo, katika miaka ileile ambayo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa unatoa tamko la Nostra Aetate. Sisi tunalisoma tamko hilo darasani na kulifanyia mtihani. Yeye alikuwa na rafiki.

Mwaka 1963 Wabenediktini wa kusini walimchapia Utenzi wa Enjili Takatifu. Utenzi, kwa ambaye amesahau, ni beti za mistari minne mifupi, mizani nane kila mstari, na kina cha mwisho wa ubeti kinarudi kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo njia ambayo watu wa pwani waliitumia kwa karne nyingi kusimulia habari za Mitume na vita vitakatifu, na ilighaniwa usiku kucha watu wakiwa wamekaa. Mnyampala akaichukua njia hiyo akampitisha humo Yesu wa Nazareti. Baadaye akafanya vivyo hivyo na Zaburi. Wengi wetu tunamjua Mwalimu Nyerere kwa tenzi zake za Biblia, ambazo zilitoka mwaka 1996. Mnyampala alitangulia kwa zaidi ya miaka thelathini. Utamadunisho ni neno tunalolitamka sana seminarini, mara nyingi tukimaanisha ngoma wakati wa matoleo na vitenge kwenye kanzu. Huyu mlei, bila digrii ya teolojia, alifanya jambo gumu zaidi: aliiweka Injili katika umbo ambalo lilijulikana kuwa la dini ya jirani, kwa adabu, bila kumkejeli jirani.

Sasa ngonjera. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba walipeleke Azimio kwa wananchi kwa lugha ya ushairi, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma na hotuba ndefu zinachosha. Hapa siwezi kujizuia kumkumbuka Plato, niliyekaa naye muhula mzima. Katika Jamhuri yake washairi wanatolewa nje ya mji, wanabakizwa wale tu wanaotunga nyimbo za kuisifu miungu na watu wema. Nyerere aliwaita ndani. Lakini ukiangalia vizuri, mlango ulikuwa uleule: waliitwa waje kusifu na kufundisha.

Mnyampala aliitika kwa kutunga ngonjera. Ni shairi la majibizano, wahusika wawili au zaidi, mmoja hajui au hakubali, mwingine anajua, na mwisho wanapatana. Linahifadhiwa kwa kichwa na kutolewa kwa sauti na vitendo, mkono ukipaa, mguu ukisogea, kwenye uwanja wa shule, kwenye mkutano wa kijiji, popote watu walipokusanyika. Wapo waliosema hajabuni kitu, kwamba malumbano ya washairi ni ya kale. Nadhani wana haki kuhusu malumbano na wanakosea kuhusu jukwaa. Kumtoa mshairi gazetini na kumkabidhi mtoto wa shule wa Mgeta au wa Kondoa beti zake azitamke mbele ya wazazi wake, hilo lilikuwa jambo jipya, na ndilo lililobaki. Redio zimekuja, simu zimekuja, na ngonjera bado inasomwa mbele ya mgeni rasmi.

Alitunga kuhusu siasa akiwa muumini. Aliandika pia kitabu kizima kinacholiweka Azimio la Arusha kando ya Maandiko Matakatifu, ambacho hakikuchapwa akiwa hai. Kilikaa miongo mingi na miswada yake mingine mpaka mtafiti Mfaransa, Mathieu Roy, alipokitoa katika miaka yetu hii. Kwa Mnyampala usawa na kufanya kazi pamoja havikuwa maneno ya chama tu. Ni rahisi leo kumcheka, sisi tunaojua vijiji vya Ujamaa viliishia wapi. Mtu aliyezaliwa mwaka wa Mtunya angeweza kuwa na sababu zake za kutamani nchi ambayo hakuna anayekula peke yake.

Hata hivyo sitamtetea kwa kila jambo. Wahakiki wa chuo kikuu wamesema kwa miaka mingi kwamba ngonjera iliugeuza ushairi kuwa kipaza sauti, kwamba mpinzani wake ni sanamu iliyowekwa ili ipigwe. Hoja hiyo inauma kwa kuwa niliwahi kuwa sanamu hiyo, na kaptura ya shule. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, ambaye naye alipitia seminari, alitoa Kichomi, diwani isiyofuata vina wala mizani, na vijana wengi wakamfuata. Walitaka shairi linalobaki na swali mkononi. Ngonjera haibaki na swali. Mpinzani anashindwa, wanashikana mikono, makofi.

Plato naye ana kesi ya kujibu hapa. Thrasymachus anaingia kwa kishindo katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, na baada ya muda anaona haya na kuanza kuitikia ndiyo, ndiyo. Kila mwaka darasani yupo mwanafunzi anayesema kwamba Thrasymachus hakuachiwa amalize. Lakini tofauti ni hii: kabla ya kunyamaza aliachiwa aseme jambo zito, zito kiasi kwamba watu wazima bado wanalijibu. Na ndipo ninapoikumbuka ile kazi ya baraza. Mnyampala alikuwa liwali na hakimu kabla hajawa mtunzi wa ngonjera. Mtu aliyekaa miaka akisikiliza mdai na mdaiwa anajua kwamba hukumu iliyotolewa kabla ya upande mmoja kusikilizwa haimtulizi mtu. Ngonjera ina umbo la baraza: huyu anasema, yule anajibu, mwisho mapatano. Sisemi kwamba yeye mwenyewe aliufuata utaratibu huo kila mara; zipo ngonjera ambazo chama kimeshashinda kabla ya ubeti wa pili. Ninachosema ni kwamba umbo lenyewe linaruhusu zaidi ya tunavyolitumia. Sisi tumeliachia kazi ya kumsifia mgeni na kuombea mabati ya kigango.

Mnyampala alifariki tarehe 8 Juni 1969, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake, mwaka 1970 na 1971, vikaingia shuleni. Hakuwahi kuona watoto wa nchi nzima wakisimama safu mbili.

Mwezi huu, nikiwa likizo nyumbani, paroko ameniomba niwatungie watoto ngonjera kuhusu zaka. Mfundishaji nimemaliza naye siku ya kwanza. Beti zake zinakuja zenyewe, Malaki yupo, senti mbili za mjane zipo. Nimekwama kwa mpinzani. Nimemfanya mama anayelima kabichi upande wa Nyandira. Mnunuzi amekuja na gari, amejaza lumbesa, gunia limevimba mpaka limefungwa kilemba juu, na amelipa bei ya gunia moja. Zilizobaki zimeozea shambani kwa sababu barabara ilikatika. Anauliza zaka aitoe kwenye kipi, kwenye alichouza au kwenye alichoibiwa. Nimempa beti nne, sawa na mwenzake, na nilipozighani jikoni mama yangu aliacha kumenya viazi akanitazama.

Ubeti wa kumjibu sijaupata. Nimeandika mitatu nikaifuta. Vina vilikubali, yeye hakukubali. Paroko anataka kuiona Alhamisi, na watoto wanahitaji wiki mbili kuihifadhi.