Johann Ludwig Krapf: Mkusanyaji wa Habari na Mjenzi wa Nadharia

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili humfahamu Johann Ludwig Krapf kama mtunzi wa kamusi. Makala haya yanamtazama kwa jicho jingine: kama mtu aliyekabiliwa na swali linalowashughulisha watafiti wa mifumo ya habari hadi leo. Je, habari zilizotoka vinywani mwa watu wengi huunganishwaje hata zikawa nadharia inayoweza kutegemewa? Swali hilo lina mizizi hapa petu. Mji wa Matuu, ulioko kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, umo katika eneo la Yatta, na Yatta ndilo jina alilolichagua Krapf mwaka 1851 alipotaka kuanzisha kituo cha misheni katika Ukambani.

Kutoka Ujerumani hadi Rabai

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, katika familia ya wakulima. Alipata mafunzo ya umisheni Basel, Uswisi, kisha akatumwa Ethiopia na Church Missionary Society. Alipofungiwa njia ya kurudi Shoa aligeukia pwani ya Afrika Mashariki. Alifika Unguja Januari 1844, akapewa na Sayyid Said barua ya kumtambulisha, akaenda kukaa Mombasa. Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga walifariki. Msiba huo haukumwondoa pwani. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, na wawili hao wakaanzisha kituo cha Rabai.

Maneno kama data

Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili pamoja na msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo, ambacho yeye alikiita Kigalla. Thamani ya kazi hiyo imo katika mpangilio wake. Lugha zikiwekwa sambamba, msomaji hahitaji kuambiwa zipi ni za ukoo mmoja. Mswahili husema mtu, Mkamba mũndũ, ilhali Mworomo husema nama. Neno moja laweza kufanana kwa bahati au kwa kuazimwa. Maneno mamia yanayofanana pamoja na viambishi vyake hayawezi. Hapo ndipo data inapoanza kuzaa nadharia. Wilhelm Bleek, aliyelipa kundi hilo jina la Kibantu, alijenga juu ya msingi uliowekwa na wakusanyaji wa aina hiyo.

Mlima uliobishaniwa

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Krapf alikwenda Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Kivoi alimweleza juu ya mlima mwingine wenye weupe kileleni. Krapf hakutosheka na kusikia. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalipofunguka aliuona kwa macho yake, ukiwa na ncha mbili kama pembe. Jina alilolipokea kwa Wakamba, Kĩinyaa, ndilo lililokuja kuwa Kenya.

Huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alizikanusha habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1852. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma mengi na kuyaunganisha kwa ustadi. Kosa lake lilikuwa kuipa nadharia mamlaka ya kumkataa shahidi. Theluji chini ya jua la ikweta haikuingia katika mfumo wake, basi akaitupa theluji badala ya kuurekebisha mfumo.

Yatta na kifo cha Kivoi

Julai 1851 Krapf aliondoka Rabai kuelekea Yatta. Njiani msafara wake ulishambuliwa, na alipofika Yatta alishindwa kuimarisha kituo, akaenda kwa Kivoi. Mwezi wa Agosti walisafiri pamoja kuelekea mto Tana. Washambuliaji waliwavamia, Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake, akijificha na kutembea usiku, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki. Aliporudi, baadhi ya jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kutomwokoa. Ni vyema tukumbuke kwamba habari zilizojadiliwa London kwa wino, huku ziligharimu uhai.

Ramani ya ziwa moja

Krapf aliondoka pwani mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Miaka miwili baadaye wenzake, Jakob Erhardt na Rebmann, walitoa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Wasafiri waliohojiwa katika bandari mbalimbali walisema kwamba njia zao zilikomea ziwani, na walisema kweli. Kilichopotoka ni muungano: maziwa matatu, yaani Nyasa, Tanganyika na Viktoria, yalifanywa moja. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, kisha Speke akafika Viktoria, na umbo hilo likavunjika. Cooley alikosea kwa kukataa ushahidi. Erhardt na Rebmann walikosea kwa kuuunganisha kabla ya kuupambanua.

Tathmini

Krapf naye hakukosa dosari. Alitetea hati za Kilatini dhidi ya hati za Kiarabu, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa hofu ya kuenea kwa Uislamu. Hapa lengo la mmishonari liliingia katika hoja ya mwanaisimu. Hata hivyo, tunaweza kuipinga hoja yake na bado tukaitumia orodha yake ya maneno, kwa kuwa aliyoyasikia aliyaandika kwa namna inayoweza kukaguliwa na mwingine.

Hitimisho

Krapf alifariki Kornthal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa, iliyoegemea Kimvita, ilitoka mwaka 1882, na mwaka 1883 Joseph Thomson akaukaribia Mlima Kenya na kuthibitisha habari za Ukambani. Krapf hakuyaona yote mawili.

Mtafiti anayekwenda Matuu leo kuchunguza jinsi wakulima na wachuuzi wanavyopashana habari za bei kwa simu ana vyombo ambavyo Krapf hakuviota. Wajibu wake ni uleule: aandike nani alisema, alikuwa wapi, na kama aliona au alisikia, kisha, kabla ya kuunganisha, aulize kama mashahidi wake wanazungumzia ziwa moja au matatu. Aidha, asimsahau Kivoi. Nadharia huandikwa kwa jina la mtafiti, lakini wa kwanza kuujua mlima ule ni wale waliomwonyesha.