Kamusi ya Rebmann ina funzo kwa wahariri wa leo

Kwa muda sasa nimekuwa nikishirikiana na walimu kadhaa wa Kehancha, pamoja na wenzao wa Tarime ng'ambo ya mpaka, kukusanya msamiati wa Kikuria. Ni nadra tukutane. Faili yetu imo kwenye intaneti, na kila mmoja huifungua hapo alipo, akaongeza, akasahihisha au akafuta. Hivi majuzi niligundua kwamba mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amefuta maneno mengi aliyoyadhania kuwa makosa. Kumbe ndivyo yasemwavyo upande wa pili wa mpaka!

Kisa hicho kilinikumbusha maisha ya Johannes Rebmann, ambaye shuleni hutajwa kwa sababu ya theluji ya Kilimanjaro tu.

Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Alifika pwani yetu mwaka 1846, akaungana na Johann Ludwig Krapf kuanzisha kituo cha misheni Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na habari zake zikabezwa na wataalamu waliokuwa wameketi London. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki, na jumla ya miaka yake Afrika Mashariki ikafika 29.

Hata hivyo, kazi iliyomshughulisha zaidi ilikuwa ya maneno. Kuanzia mwaka 1853 aliketi na Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka Nyasa, akaandika msamiati wa lugha yake. Miaka ikapita, mswada haukuchapishwa, na macho ya Rebmann yakapofuka. Mwaka 1875 alirejea Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai, akakaa Korntal karibu na rafiki yake Krapf. Alifariki huko tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf aliuhariri mswada huo, na kamusi ikatoka mwaka 1877. Ile ya Kinika, iliyoandikwa na Krapf na Rebmann, ilihaririwa na T. H. Sparshott ikatoka mwaka 1887, waandishi wote wawili wakiwa wamekwisha kufa.

Je, hiyo si faili ya pamoja? Tofauti ni kwamba yao ilisafiri kwa jahazi na meli.

Lakini ushirikiano huo ulikuwa na hatari zake. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara kuhusu maji makubwa ya bara. Waliyaunganisha yote, na ramani yao iliyosambaa Ulaya mwaka 1856 ikaonyesha ziwa moja kubwa mno. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, kisha Speke akaliona ziwa ambalo watu wa Migori wanalijua vyema, Viktoria. La tatu ni Nyasa. Masimulizi yalikuwa na ukweli. Kosa lilifanyika katika kuyaunganisha, kwa kuwa yaliyosemwa na watu wa njia mbalimbali yalifanywa kuwa kauli moja.

Hapa ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Kikuria kina irabu saba, ilhali wengi wetu tumezoea kuandika kwa herufi tano za irabu za Kiswahili. Watu wawili huweza kuandika neno moja kwa namna mbili, na mwenye haraka akadhani kwamba mmoja amekosea. Anayefuta bila kuuliza hurudia kosa la ramani ile: anafanya maziwa matatu kuwa moja.

Tumeyarejesha maneno yetu, kwa kuwa programu huhifadhi kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini. Sasa kila neno lina jina la mahali liliposikika na la aliyelitoa, na hapana afutaye kabla ya kumwuliza mwenzake. Nawasihi walimu wawafunze wanafunzi wao utaratibu huo kila wanapoandika pamoja. Jina la Salimini tunalijua leo kwa sababu Rebmann alijali kuliandika. Wazee wa Kehancha na wa Tarime wanaotupa maneno yao wanastahili heshima iyo hiyo.