Dkt. Krapf: Alipanda Asivune

Katika jubilii hii tumkumbuke mtumishi ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni tu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosina, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai Rosina alifariki kwa homa, na siku chache baadaye binti yao mchanga akamfuata. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliwazika, lakini hakurudi kwao.

Alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akaendelea. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha misheni Rabai. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya, huu tunaouona hapa Majengo mawingu yakifunguka. Kwetu hakufika. Waliookoka kwa mahubiri yake walihesabika kwa vidole. Alifariki Ujerumani mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka uliofuata.

Kwa macho ya kibinadamu alishindwa. Lakini leo watu wa mlima ule wanamwimbia Mungu kwa lugha ile, na wajukuu wao pia.

Wapendwa, jubilii ijayo hatutaiona sote. Mzazi, ukija mazoezini njoo na mtoto, hata kama bado hajui sauti. Asipoupata wimbo huu kwetu, ataupata kwa nani?

Katibu wa Kwaya