Mwalimu Nyerere: Mstaafu wa Butiama Aliyerejea Kazini kwa Ajili ya Amani ya Burundi

Kila ifikapo Oktoba 14, Watanzania huadhimisha kumbukumbu ya Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Siku hiyo mengi husemwa kuhusu Uhuru, Muungano na Azimio la Arusha. Machache husemwa kuhusu takribani miaka 14 ya mwisho wa maisha yake, miaka ambayo aliiishi akiwa mstaafu. Hata hivyo, miaka hiyo ina funzo kubwa kwa kila mtumishi anayekaribia kukabidhi ofisi na kujiuliza maisha yatakuwaje baada ya hapo.

Mwalimu alikabidhi madaraka ya Urais kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba, 1985, akiwa na umri wa miaka 63. Katika Afrika ya wakati ule, kiongozi kuondoka Ikulu kwa hiari lilikuwa jambo la nadra. Léopold Sédar Senghor wa Senegal alikuwa amefanya hivyo mwaka 1980 na Ahmadou Ahidjo wa Kamerun mwaka 1982, lakini wengi wa wenzao waliondolewa na mitutu ya bunduki au na kifo.

Kwa Mwalimu, kuachia ofisi halikuwa jambo geni. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu na kumwachia Rashidi Mfaume Kawawa, ili yeye akaijenge TANU vijijini. Kabla ya hapo, mwaka 1955, aliacha kazi ya ualimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, alipotakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa.

Kung'atuka na kustaafu

Neno kung'atuka, ambalo Mwalimu alilieneza katika Kiswahili, lina asili ya Kizanaki, lugha ya watu wake. Katika mila za Wazanaki, rika la wazee huachia uongozi rika linalofuata, kisha likabaki kuwa hazina ya ushauri. Anayeng'atuka hivyo huondoka katika kiti bila kuondoka katika jamii.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu hakuacha kazi zote kwa siku moja. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi hadi Agosti 1990, alipokabidhi nafasi hiyo pia kwa Mzee Mwinyi. Aidha, kuanzia mwaka 1987 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, iliyokuwa na makao yake Geneva na ambayo Katibu Mkuu wake alikuwa mchumi Manmohan Singh, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India. Tume hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1990, ikizitaka nchi zinazoendelea zitegemeane katika biashara, elimu na teknolojia badala ya kila moja kukabili mzigo wa madeni peke yake.

Jembe, bao na tenzi

Makazi ya ustaafu wake yalikuwa Mwitongo, Butiama, mkoani Mara, kijiji alichozaliwa Aprili 1922 akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito na Bibi Mgaya. Huko alishika jembe na kulima kama wanakijiji wenzake. Alihudhuria ibada, alisoma vitabu vya maktaba yake na jioni aliketi kucheza bao, mchezo alioupenda sana.

Aliirejea pia kazi ya kalamu. Akiwa madarakani alikuwa amewatafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tamthilia mbili za Shakespeare. Akiwa mstaafu aliziandika Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa mtindo wa utenzi wa Kiswahili, kazi iliyochapishwa mwaka 1996. Kazi kama hiyo, inayotaka kupima mizani na kutafuta vina ubeti baada ya ubeti, huhitaji utulivu ambao Ikulu haina.

Mwito wa mwaka 1996

Utulivu huo ndio uliowekwa kwenye mizani pale Burundi ilipowaka moto. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, miezi michache baada ya kuchaguliwa, na vita vilivyofuata viliwasukuma maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kuingia Kigoma na Kagera. Viongozi wa eneo la Maziwa Makuu walikutana Cairo mwaka 1995 na Tunis Machi 1996 kwa uratibu wa Rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter. Baada ya mikutano hiyo, jukumu la kuwapatanisha Warundi likamwangukia Mwalimu.

Alikuwa anatimiza miaka 74. Alikuwa na kila sababu ya kukataa. Hakuwa na cheo cha serikali, hakuwa na jeshi, na heshima aliyoijenga kwa miaka mingi ingeweza kuchafuka katika mgogoro ambao wengi waliuona hauna ufumbuzi. Kwa upande mwingine, hakuhitaji kurejea Ikulu ili aifanye kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya awamu, yenye mikutano na mapumziko, na kati ya awamu moja na nyingine angeweza kurudi shambani kwake. Aliikubali.

Mazungumzo ya awali yalifanyika Mwanza mwaka huohuo, yakivihusisha hasa vyama vya FRODEBU na UPRONA. Kabla hayajazaa matunda, Meja Pierre Buyoya aliipindua serikali tarehe 25 Julai, 1996. Siku chache baadaye, wakuu wa nchi za eneo hili walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Agosti 1997 kikao kilichoitishwa Arusha kilikwama kwa sababu Serikali ya Burundi haikuhudhuria.

Lawama nazo hazikukosekana. Upande wa Serikali ya Burundi ulimshutumu kwa upendeleo, ukizingatia kuwa Tanzania ilikuwa mwenyeji wa wakimbizi na mshiriki wa vikwazo. Wengine walihoji kwa nini makundi mawili makubwa yaliyokuwa vitani, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwamo mezani. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani vita viliendelea hata baada ya makubaliano kutiwa saini.

Hatimaye, tarehe 15 Juni, 1998, mazungumzo rasmi yalifunguliwa Arusha yakiwa na pande 17. Mwalimu hakujaribu kuibeba kazi yote peke yake. Taasisi ya Mwalimu Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilisimamia maandalizi, na Jaji Mark Bomani alikuwa msaidizi wake mkuu katika usuluhishi. Masuala yenyewe yaligawanywa kwa kamati: chanzo cha mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya wa nchi, na dhamana ya utekelezaji. Januari 1999 vikwazo vilisitishwa na mazungumzo yakaendelea.

Kazi aliyoiacha mikononi mwa wengine

Wakati huo saratani ya damu ilikuwa tayari inamwandama. Mwaka 1999 alikwenda London kwa matibabu, na tarehe 14 Oktoba alifariki dunia katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba.

Chini ya miezi miwili baada ya kifo chake, jukumu la usuluhishi alikabidhiwa mstaafu mwingine, Nelson Mandela, aliyekuwa ameondoka madarakani Afrika Kusini mwaka huohuo. Makubaliano ya Amani na Maridhiano ya Burundi yalitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti, 2000, yakifuata kwa sehemu kubwa mgawanyo wa kamati zilizoundwa enzi za Mwalimu. Aliyeipanda mbegu hakuwapo siku ya mavuno.

Nchini Tanzania, mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na hustaafu kwa lazima akifikisha 60. Wengi huondoka wakiwa bado na nguvu na ujuzi, na swali la kurejea kazini kwa muda huwajia mapema kuliko walivyotarajia. Maisha ya Mwalimu baada ya Ikulu yanaonesha kuwa mstaafu anaweza kurejea bila kudai kiti alichokiachia, akichagua kazi inayohitaji uzoefu wake na kuwaandaa wengine wa kuiendeleza. Yanaonesha pia kuwa kurejea huko kuna gharama, na kwamba jembe na bao vya Mwitongo vilikuwa sehemu ya maisha yake sawa na meza ya mazungumzo ya Arusha.