Bibi Maria Montessori, Mwalimu wa Walimu

Msafiri atokaye mjini Arusha kwa barabara ya Moshi hufika Tengeru baada ya mwendo mfupi, na akipita siku ya soko, yaani Jumatano au Jumamosi, atachelewa kidogo kwa wingi wa watu na ndizi. Hapo karibu, chini ya mlima Meru, kipo chuo cha Patandi. Kwa miaka mingi wanafunzi wa chuo hiki wamekuwa watu wazima, walimu wenye vyeti vyao na uzoefu wa kazi, ambao wameacha madarasa yao na kukaa tena kwenye madawati ili wajifunze kuwafundisha watoto wasioona, na viziwi, na wenye ulemavu wa akili. Wako watu wanaoshangaa. Husema, huyu amekwisha kufundisha hata darasa la saba, basi ajifunze nini tena kwa ajili ya mtoto asiyeweza kuhesabu hadi kumi? Na katika shule nyingine imekuwapo desturi ya kumpa darasa la watoto wadogo kabisa yule mwalimu ambaye hakupata mahali pengine pa kuwekwa.

Neno hili liligombaniwa Ulaya zaidi ya miaka 120 iliyopita, na aliyelishika kwa mikono miwili alikuwa mwanamke wa Italia, Bibi Maria Montessori. Jina lake wasomaji wengi wameliona juu ya milango ya shule za watoto wadogo Arusha na Moshi, bali maisha yake hayajulikani sana.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa Serikali katika idara ya fedha. Mama yake, Renilde, alikuwa mwanamke aliyependa kusoma vitabu, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa siku zile. Hawakuwa na mtoto mwingine. Maria alipokuwa na miaka mitano wakahamia Roma. Alipofika umri wa miaka 13 alikataa shule ya wasichana, akaingia shule ya ufundi pamoja na wavulana, maana alitaka kuwa mhandisi. Baadaye akabadili nia, akasema atakuwa daktari. Baba yake hakupendezwa hata kidogo. Mama yake akasimama upande wake.

Katika chuo kikuu cha Roma aliona taabu nyingi. Haikuhesabiwa kuwa adabu msichana kuutazama mwili wa maiti mbele ya wanaume, kwa hiyo alipaswa kurudi peke yake jioni, katika chumba cha maiti, afanye kazi ambayo wenzake wameimaliza mchana. Alivumilia. Mwezi wa Julai 1896 alipata shahada yake, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kupata udaktari.

Sasa twafika penye kiini cha habari hizi. Daktari huyu kijana aliwekwa katika kliniki ya maradhi ya akili, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuzizunguka nyumba za wenda wazimu za mjini Roma ili kuchagua wagonjwa wa kutibiwa. Humo aliwakuta watoto. Hawakuwa wazimu, walikuwa watoto wenye akili nzito, ambao shule zimewakataa na nyumba zao zimewashindwa, wakafungiwa pamoja na watu wazima waliorukwa na akili. Chumba chao kilikuwa kitupu. Walipomaliza kula walijitupa sakafuni wakaokota makombo, na mlezi wao akawadharau kwa ulafi. Bibi Montessori akatazama kwa muda mrefu, akaona jambo ambalo mlezi hakuliona: kwamba watoto wale hawakuwa na kitu kingine cho chote cha kushika kwa vidole vyao. Njaa yao ilikuwa ya mikono na akili.

Akaanza kutafuta nani aliyewahi kuwafundisha watoto wa namna hii. Akawapata waganga wawili wa Kifaransa wa zamani: Itard, ambaye alijaribu kumfundisha mvulana aliyeokotwa msituni, na mwanafunzi wake Séguin, aliyebuni vyombo na mazoezi ya kuamsha macho, masikio na mikono. Vitabu vyao vilikuwa vimesahauliwa. Baadaye Bibi Montessori alivitafsiri kwa Kiitaliano na kuvinakili vyote kwa mkono wake mwenyewe, toka mwanzo hata mwisho, ili kila neno apate kulipima. Alikata shauri kwamba udhaifu wa akili ni kazi ya mwalimu kuliko kuwa kazi ya daktari. Neno hilo aliwaambia walimu waliokutanika Turin mwaka 1898, naye mwenyewe ni daktari.

Basi mwaka 1900 shule ilifunguliwa Roma kwa ajili ya walimu, si kwa ajili ya watoto tu. Walimu 64 waliingia mara ya kwanza, nao wakajifunza habari za mwili na mishipa ya fahamu, wakajifunza kumpima mtoto na kumtazama, na katika nyumba iyo hiyo lilikuwapo darasa la watoto wenye ulemavu wa akili ili wanafunzi waone kwa macho yale waliyosikia kwa masikio. Bibi Montessori aliisimamia pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Mchana kutwa alifundisha watoto, na usiku aliandika aliyoyaona. Baadhi ya watoto wale wakajua kusoma na kuandika vizuri hata wakafanya mtihani wa shule za Serikali pamoja na watoto wengine, wakashinda. Watu wakastaajabu. Yeye hakustaajabia hilo. Alijiuliza kwa nini watoto wazima wa shule za kawaida hawakuwashinda kwa mbali, akaona kwamba kasoro iko katika mafundisho.

Mwaka 1901 aliiacha shule ile ghafula. Lazima tuseme sababu, maana kuificha si kumheshimu. Yeye na Montesano walikuwa wamependana, na tarehe 31 Machi 1898 alizaliwa mtoto wao, Mario, nje ya ndoa. Mtoto akapelekwa shamba kulelewa na watu wengine, ili kazi na jina la mama lisipotee. Baadaye Montesano akamwoa mwanamke mwingine. Kwa miaka mingi yule aliyewafundisha walimu wa Roma kumtazama mtoto kwa subira alimtazama mwanawe kama mgeni anayepita kusalimu, wala hakumwambia yeye ni nani. Mario alirudi kwa mama yake alipokuwa karibu na miaka 15, baada ya bibi yake kufariki, na hata hapo mbele ya watu aliitwa mpwa wake. Toka siku hiyo hawakuachana tena katika kazi.

Tarehe 6 Januari 1907 ilifunguliwa nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa maskini. Watoto wapatao 50, ambao hawajafika umri wa shule, walikuwa wakibaki peke yao wazazi wakienda kazini, na wenye majumba walichoka kuona kuta zikichafuliwa. Kwa hiyo wakatoa chumba kimoja. Bibi Montessori akaleta vyombo vile vya watoto wenye ulemavu: vipande vya mti vya mviringo vya kutiwa kila kimoja katika tundu lake, herufi zilizokatwa katika msasa ili kidole kizifuate kabla ya kalamu, na vitu vya kuvaa, kufunga na kufagia. Watoto wakanyamaza, wakafanya kazi. Mtoto mmoja alirudia kazi ile ile mara nyingi bila kusikia kelele za wenzake. Wengine wakaandika kabla ya kutimiza miaka mitano.

Hapa wako wanaosimama na kusema: mwalimu wa nyumba ile alikuwa binti wa mlinzi wa jengo, hakuwa na cheti cho chote cha ualimu, basi mafunzo ya nini? Ni kweli hakuwa na cheti. Lakini wanaosema hivyo husahau kwamba Bibi Montessori mwenyewe alimwongoza, kwamba vyombo na utaratibu vilikuwa vimejaribiwa miaka mingi, na kwamba alimtaka mtu asiyekuwa na mazoea ya kupiga kelele na kiboko. Alitaka kuondoa mafunzo mabaya, asitie mengine kwa haraka. Yaliyofuata yanaonyesha nia yake, maana miaka miwili tu baadaye, mwaka 1909, alifungua mafunzo ya kwanza ya walimu kule Città di Castello, na toka hapo hata kufa kwake kufundisha walimu ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa.

Walimu walikuja kwake kutoka nchi nyingi, Roma mwaka 1913, kisha Barcelona, na London toka mwaka 1919. Utaratibu ulikuwa na sehemu tatu: kusikiliza mafundisho, kuvishika vyombo kimoja kimoja mpaka mkono ukazoea, na kukaa kimya saa nyingi katika darasa kutazama watoto bila kuwaingilia. Hiyo ya tatu iliwashinda wengi. Mwalimu aliyezoea kusema ataona vigumu sana kukaa na kufumba mdomo. Mimi nimeyaona hayo hata kwetu. Mwishoni alitahiniwa, akapewa hati iliyotiwa sahihi na Bibi Montessori mwenyewe. Hati ile ilimpa ruhusa ya kufundisha watoto. Haikumpa ruhusa ya kufundisha walimu wengine. Haki hiyo aliiweka mkononi mwake.

Katika jambo hili, kwa maoni yangu, alikosa. Alikuwa na sababu, maana wafanya biashara waliuza vyombo vya mfano wake na kila mtu aliweza kubandika jina lake mlangoni. Lakini nchi kubwa haiwezi kungoja mtu mmoja avuke bahari. Marekani walimpokea kwa shangwe mwaka 1913, na mwaka 1915 darasa lake lenye kuta za vioo lilikuwa ajabu ya maonyesho ya San Francisco; katika miaka michache tu moto ule ukapoa, sehemu kwa kulaumiwa na mabingwa wa vyuo, na sehemu kwa sababu hakuwaachia Waamerika mafunzo ya walimu wao. Shule hizo zilipofufuka huko, chama kilichoundwa mwaka 1960 kilitaka wakufunzi wawe na shahada ya chuo kikuu, ili mafunzo yao yakubaliwe na idara za elimu zinazotoa leseni.

Kosa la pili lilikuwa kukubali msaada wa Mussolini toka mwaka 1924. Kwa miaka kumi shule zake Italia zilisitawi, kisha ikaonekana wazi kwamba watoto watakiwa wawe askari, naye mwaka 1934 akaondoka, na shule zikafungwa.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alikwenda Madras, Uhindi, kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940 Waingereza wakamtia Mario kizuizini, naye mama akakatazwa kusafiri. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoleta Tengeru wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto. Bibi Montessori alipotimiza miaka 70, tarehe 31 Agosti 1940, Mario alifunguliwa. Na yasimuliwa kwamba katika taarifa ya Serikali aliitwa mwanawe, si mpwa. Walikaa Uhindi mpaka 1946, wakafundisha walimu zaidi ya 1,000.

Tarehe 6 Mei 1952 alikuwa Noordwijk, Uholanzi, akizungumza na Mario juu ya safari ya kwenda Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, kwa kuwa walimu walihitajiwa huko. Mario alimwonyesha kwamba nguvu zimepungua. Siku iyo hiyo alifariki, mwenye miaka 81, akazikwa hapo hapo, kama alivyotaka kuzikwa po pote atakapofia. Safari ya Afrika haikuwa.

Kwetu kazi ilikuja kwa njia nyingine. Shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika ilikuwa imefunguliwa na Waanglikana kule Buigiri mwaka 1950. Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Masista wa Kikatoliki, na wale wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema kule Moshi, wakawafundisha walimu wa watoto wadogo kwa vyombo vile vya msasa na mti. Mwaka 1995 sera ya elimu ya Tanzania ikaitambua elimu ya awali, na mwaka 2007 Walutheri wakafungua chuo kikuu Magamba, Lushoto, chenye elimu maalum, kikapewa jina la Askofu Sebastian Kolowa. Na kwa sheria ya mwaka 2018 ikaundwa Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ya kuwasajili walimu na kuwapa leseni.

Lakini cheti na leseni havikai na watoto darasani. Ndiyo maana kule Patandi, mwalimu aliyekwisha kufundisha miaka kumi huketi tena nyuma ya darasa, daftari mapagani, akimtazama mtoto mmoja asubuhi nzima bila kusema neno.